Ufunguo wa Chumba cha Nasaha

Katika shule moja ya upili iliyo upande wa Endebess, ambayo sitaitaja kwa jina kwa kuwa nilikaribishwa pale kwa chai na si kwa upelelezi, upo mlango ulioandikwa kwa rangi nyeupe, kwa mkono wa mtu aliyejitahidi, kwamba ndani yake mwanafunzi hupata ushauri na nasaha. Mlango ule ulipofunguliwa kwa ajili yangu, baada ya kutafutwa ufunguo ambao ulikuwa mfukoni mwa mtunza ghala, niliona magunia ya maharagwe ya chakula cha mchana yamepangwa karibu kufika darini, magodoro matatu yaliyopasuka, ngoma ya bendi iliyopoteza ngozi ya upande mmoja, na viti viwili vya plastiki vilivyopachikwa kimoja juu ya kingine. Mwalimu aliyekabidhiwa idara hiyo, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alicheka kwa haya akaniambia kwamba maharagwe nayo yana haki yake, maadamu mtoto mwenye njaa hashauriki. Nilicheka naye, lakini njia nzima ya kurudi Kitale, matatu ikikata kati ya mashamba ambayo wakati ule yalikuwa yamesafishwa yakingojea mbegu, sikuweza kuuondoa ule ufunguo katika fikira zangu.

Watu wa Trans-Nzoia hawawezi kudai kuwa thamani ya ushauri hawaijui. Hapa Kitale ndipo ilipoasisiwa kampuni ya mbegu ya Kenya Seed mwaka 1956, na mbegu chotara za mahindi zilipoanza kutolewa katika miaka ya sitini hazikutupwa mikononi mwa mkulima akaachiwa bahati yake, bali zilifuatwa na mabwana shamba waliomweleza nafasi iwayo kati ya shimo na shimo, kiasi cha mbolea, na siku ya kupalilia. Mpaka leo mwenye ekari tatu hapa Endebess hatatia jembe ardhini mwezi Machi kabla hajauliza wawili watatu, na viwavijeshi wakionekana kwenye jani moja tu, simu hupigwa usiku huo huo. Mhindi ukigeuka rangi ya manjano, watu huinama wakauliza una nini. Mtoto akibadilika wajihi, akaacha kula, akawa hukaa peke yake nyuma ya bweni saa ambazo wenziwe wanacheza, huulizwa kwa nini alichelewa gwaride.

Wala si kwamba Serikali haikuandika. Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha ushauri na uelekezaji mwaka 1971. Miaka mitano baadaye, mwaka 1976, kamati ya Gachathi ikashauri kwamba kila shule iwe na mwalimu aliyekabidhiwa kazi hiyo. Na tangu hapo haijatoka ripoti juu ya elimu ya Kenya ambayo haikulitaja jambo hilo kwa maneno ya staha, kama vile hotuba ya harusi isivyokosa kumtaja marehemu babu. Nusu karne imepita. Mtu akikusanya karatasi zote zilizoandikwa juu ya ushauri wa wanafunzi, bila shaka zitajaa chumba kile nilichokiona, na maharagwe yatafutiwe mahali pengine.

Kisha ukaja mwaka 2001. Mwezi Machi wa mwaka huo wavulana 67 wa shule ya Kyanguli, katika Machakos, waliteketea bwenini usiku kwa moto uliowashwa kwa makusudi, na nchi ilikuwa bado haijasahau wasichana 26 waliokufa kwa moto huko Bombolulu, katika Kwale, miaka mitatu tu kabla yake. Tume iliyoongozwa na Bi. Naomi Wangai ilizunguka mikoani kutafuta chanzo cha ghasia za shule, na miongoni mwa mambo iliyoyatilia mkazo ni ule ule ushauri wa wanafunzi. Na mwaka huo huo, kwa tangazo la sheria nambari 56, kiboko kiliondolewa shuleni. Mimi ni katika waliochapwa, na ningali nakumbuka harufu ya fimbo ya mkaratusi iliyokatwa asubuhi. Sikulia kilipoondoka, na silii leo. Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 zikaja kulipiga jambo hilo muhuri. Lakini mwenye kuondoa kitu mahali pake amejilazimisha kuweka kingine, na kitu kilichoahidiwa kuchukua mahali pa kiboko ni nasaha. Kiboko kiliondoka siku moja kwa kalamu moja. Nasaha inangojewa tangu siku ile, na anayeingojea ni mwalimu aliyesimama mbele ya vijana hamsini akiwa hana hiki wala kile.

Hali kadhalika ndivyo ilivyokuwa katika mila, ambako nasaha ilipoondoka haikuwekewa badala, na hapa naomba msomaji wa pwani anivumilie nikianzia kwake. Zama za wazee wetu, mtoto hakuachwa avuke kutoka utoto kuingia utu uzima bila mtu wa kumshika mkono, na mtu huyo aghalabu hakuwa mzazi wake, kwa kuwa walijua kwamba yapo maneno ambayo mama hawezi kumwambia bintiye wala binti hawezi kumwambia mamaye, haya ikiwa imekaa baina yao. Msichana alikuwa na somo au kungwi, mvulana alikuwa na jando na wenye kumlea humo, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika kile kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903, hakuacha kuyaandika. Na yule bibi wa Pate, Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye takriban mwaka 1858 aliona maradhi yamemzidi na binti yake Mwana Hashima angali mdogo, aliona kwamba hiba bora kupita dhahabu ni kumwachia wasia wa kumwongoza asipokuwapo mwenyewe. Watu wa leo huzozana juu ya yale aliyomwagiza, na wana haki ya kuzozana, lakini hakuna awezaye kusema kwamba binti yule aliachwa bila kuambiwa kitu.

Huku kwetu, katika Mlima Elgon, nako hawakuwa nyuma. Wabukusu wa Bungoma na Trans-Nzoia hutahiri wavulana wao kila mwaka wa shufwa, mwezi Agosti, na mgeni apitaye njiani husikia njuga na kuona matope ya mtoni, akadhani kwamba shughuli yote ni hiyo. Wenyewe wanajua kwamba kisu ni dakika moja, ilhali kazi iko katika majuma yafuatayo, kijana akiwa amekaa faraghani na rika lake, mpaka siku ya khukhwalukha atakapotolewa kwa watu akiwa amekwisha kuambiwa mlango upi ni wake na upi si wake, deni gani hulipwa kwanza, na nini maana ya kuitwa mtu. Sasa kijana hupelekwa zahanati asubuhi akarudi adhuhuri, likizo ni fupi, kalenda ya shule haingoji kidonda kikauke, na majuma ya kuambiwa mambo yamepunguzwa yakawa siku mbili tatu za wajomba wenye haraka ya kurudi kazini. Kisu kimebaki, maneno yamekatwa.

Kwa wasichana wa Kisabaoti, wa mlima huu huu, mambo yalikwenda kinyume chake. Sheria ya mwaka 2011 ilipiga marufuku ukeketaji katika Kenya nzima, nami sina neno la kuutetea, hasha. Lakini nyanya waliokuwa wakikaa na wasichana wale siku za kupona waliwaambia pia mambo mengi mema juu ya mwili, ndoa, watoto na subira, na mambo hayo yalifungwa katika furushi moja na wembe. Furushi lilipotupwa, likatupwa lote. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, upande wa Kapchorwa, wazee wa Kisabiny ambao ni ndugu wa damu na hawa wetu walionyesha kwamba furushi laweza kufunguliwa: walibakiza sherehe, zawadi na mawaidha, wakauacha wembe, na mwaka 1998 jumuiya yao ikapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya mambo ya watu na uzazi. Kutoka Endebess hadi Suam, mpakani, kwa barabara iliyotiwa lami miaka hii, ni safari ya muda mfupi; sijui kwa nini hekima haikupata gari.

Tena Endebess si kijiji cha ukoo mmoja, na hili ndilo linalosahauliwa na wale wanaosema kwamba tuwarudishe watoto kwa wazee wao. Wazee wepi? Mashamba haya makubwa yalikuwa ya walowezi, kisha mengine yakawa ya ADC, shirika la Serikali la kilimo, na mengine yakakatwakatwa yakawa vipande vya watu walionunua au waliogawiwa, na kwa hiyo katika darasa moja utamkuta Msabaoti, Mbukusu, Mturkana, Mkikuyu, Mkisii na Mpokot, kila mmoja akiwa na mjomba wake na shangazi yake mbali, kule ambako babu yake alitoka. Mtoto wa kibarua wa shamba hana wa kumwendea ila baba anayerudi jioni akiwa amechoka na mama ambaye hajarudi bado. Na mpaka uko karibu, na pikipiki za bodaboda ziko karibu zaidi, zikimwahidi mvulana fedha za leo na msichana safari ya bure ambayo mwisho wake haukuwa bure kamwe.

Liko na lingine zito kuliko haya, ambalo watu wa huku hawapendi kulitaja mbele ya wageni. Kati ya mwaka 2006 na 2008 mlima huu uliwaka kwa vita vya ardhi ya Chebyuk. Watu wa kundi lililojiita jeshi la ulinzi wa ardhi ya Wasabaoti waliua na kukata watu, kisha likaja jeshi la Serikali mwezi Machi 2008 katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na yapo maisha ambayo hayakuokolewa. Katikati ya hayo ukaingia msiba wa uchaguzi wa Desemba 2007, na hapa Endebess penyewe watu waliofukuzwa makwao wakalala kambini chini ya maturubali. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku zile sasa anakaribia thelathini, naye ana mtoto shuleni. Hakuna aliyekaa naye hata saa moja akamwuliza aliona nini. Alipewa blanketi, akapewa unga, akaambiwa asome. Leo mwanawe akiwa na utundu usioelezeka, au ukimya usioelezeka, mwalimu mkuu huandika barua kumwita mzazi aje asaidie kumshauri mtoto, na mzazi huja, akaketi ukingoni mwa kiti, na katika ofisi ile huwa wamekaa watu wawili wenye haja ya kushauriwa ilhali mmoja wao ndiye anayetakiwa kutoa ushauri.

Sasa niingie katika jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha upungufu wote, kwani vyumba na magunia ni dalili tu. Katika shule zetu nyingi mwalimu wa ushauri, ambaye wanafunzi humwita mwalimu wa gaidansi, ndiye huyo huyo anayekaa katika kamati ya nidhamu. Wiki hii atamwambia msichana amfungulie moyo, na wiki ijayo ataketi upande wa pili wa meza akisoma barua ya kumpeleka nyumbani majuma mawili. Mwanafunzi akifanya kosa hupelekwa kwa naibu wa mwalimu mkuu, akakaripiwa, akapewa adhabu ya kung'oa visiki, kisha akaandikiwa kikaratasi aende gaidansi, na hivyo nasaha ikawa ni kipande cha mwisho cha adhabu, kama chumvi juu ya kidonda. Aonekanaye akitoka katika chumba kile huulizwa na wenziwe amefanya nini. Ni nani mwenye akili timamu atakayepeleka siri yake mahali ambapo kuingia tu ni kukiri hatia?

Faragha ndiyo roho ya nasaha. Maneno ya mwenye dhiki ni amana, na amana haiwekwi kwa mtu mwenye mifuko miwili. Nakiri kwamba ina mpaka wake: pale mtoto anapodhulumiwa mwili wake, au anapotaka kujitoa uhai, kunyamaza kwa mshauri kunakuwa ni kushiriki, na waraka wa Tume ya Kuwaajiri Walimu wa mwaka 2010 unamlazimu mwalimu kutoa habari za unyanyasaji wa wanafunzi hata kama mwenye kutenda ni mwalimu mwenzake. Lakini kati ya hatari hizo na makosa ya utoro lipo bonde pana sana, nalo limejaa huzuni za kawaida, yaani karo isiyolipwa, baba mpya nyumbani, kukojoa kitandani katika umri wa miaka kumi na minne, na mapenzi ya kwanza. Huzuni hizo hazina haja ya kamati. Zina haja ya mtu mmoja asiyekuwa na haraka.

Na haja ya lugha. Nimekwisha kuona mahali mtoto akilia kwa Kibukusu anaambiwa ajieleze kwa Kiingereza, kwa kuwa sheria ya shule ni Kiingereza siku tano za juma, na asemaye lugha ya nyumbani huvishwa ile diski ya mbao shingoni mpaka apatikane mkosaji mwingine. Sina ugomvi na Kiingereza. Lakini mtu huungama kwa lugha aliyolelewa nayo, na mwenye kumtaka apange nyakati za vitenzi kabla hajasema kwamba mama yake amefariki hakukusudia kumsikiliza.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ni ya watu wa mjini, na kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Si watu wadogo waliosema hivyo: moto ulipoenea mabwenini mwaka 2021, marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitamka hadharani kwamba yeye angependa kiboko kirudi, na wazazi wengi walimpigia makofi, nami nawaelewa, kwa kuwa mzazi aliyeuza magunia kumi ya mahindi kulipia bweni lililochomwa hana moyo wa kusikiliza falsafa. Ila na wao wakumbuke kwamba mwaka 1991, usiku ule wa St. Kizito katika Meru ambapo wasichana 19 walipoteza maisha baada ya wavulana wa shule yao wenyewe kuwavamia, kiboko kilikuwa halali na kikitumika nchi nzima. Bombolulu, halali. Kyanguli, moto ulitangulia sheria. Fimbo ilikuwapo katika misiba hiyo yote, na haikuzima hata kibiriti kimoja. Fimbo humfundisha mtoto saa ya kunyamaza. Na mwenye kusudi la kuwasha moto ndiye hasa tusiyetaka anyamaze.

Wengine, wenye insafu zaidi, watauliza fedha zitoke wapi za kuajiri wanasaikolojia katika kila shule ya Endebess, Kwanza, Kimilili na Sirisia, ilhali mwalimu wa hisabati mwenyewe hapatikani. Hilo ni swali la haki, na jawabu lake halikutoka Ulaya. Mjini Harare, katika mtaa wa Mbare, mwaka 2006, tabibu wa nafsi Dixon Chibanda alipokosa wauguzi na vyumba aliwachukua vikongwe 14 waliokuwa wakihudumia afya ya mtaa, akawafundisha namna ya kusikiliza kwa utaratibu, akawaketisha kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Na utafiti uliofanywa baadaye ukaonyesha kwamba wagonjwa wa huzuni walioketi na nyanya hao walipata nafuu kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Na hapa hapa Kenya, taasisi ya Shamiri, ambayo Tom Osborn ni miongoni mwa waasisi wake, iliwachukua barobaro waliotoka tu kumaliza shule ya upili, ikawafunza kwa muda mfupi, ikawapeleka katika shule za Nairobi na Kiambu wakaketi na wanafunzi katika vikundi vidogo saa moja kwa juma kwa majuma manne, wakizungumza juu ya kukua, kushukuru na mambo ambayo mtu anayathamini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida kubwa la Marekani la maradhi ya nafsi: wanafunzi 413 walifuatwa, na wale waliokaa katika vikundi hivyo walipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko wenzao waliofunzwa mbinu za kusoma. Saa nne kwa jumla! Mechi mbili za mpira huchukua karibu muda huo.

Endebess imejaa barobaro wa namna hiyo. Kila mwaka wanamaliza kidato cha nne, wenye alama nzuri na mbaya, wakakaa stendi wakingojea mashamba ya mbegu yatafute vibarua. Nyanya pia tunao. Na Uganda, hatua chache kutoka Suam, wana utaratibu wa siku nyingi wa kumteua katika shule mwalimu mwandamizi wa kike na mwenzake wa kiume, ambao kila mwanafunzi huwajua kwa wadhifa wao na hupeleka kwao haja ambazo hazielekei meza ya mwalimu mkuu; nao wamelemewa na vipindi kama wetu, sitaki kupaka rangi mambo ya jirani, lakini angalau mtoto anajua mlango.

Haja yenyewe imezidi sasa kuliko zamani. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walifanya mtihani wao wa mwisho wa sekondari ya chini mwaka 2025, na Januari 2026 wakaingia gredi ya 10 wakiwa wamekwisha kuchagua njia moja kati ya tatu, ya sayansi na ufundi, ya elimu ya jamii, au ya sanaa na michezo. Yaani tumemtaka mtoto wa miaka kumi na mitano aseme atakuwa nani. Ni jambo jema, kama yupo wa kukaa naye akapima nia yake na uwezo wake. Lakini chaguo lile lilikuwa la kujazwa kwenye tovuti, na katika vituo vyetu vya biashara wazazi wengi walilipeleka kwa kijana wa saiba, yaani duka la intaneti, ambaye, foleni ikiwa ndefu na umeme ukitishia kukatika, alibonyeza iliyokuwa karibu. Bila kutaka, kijana yule ndiye aliyekuwa mshauri mkuu wa mustakabali wa watoto wa kata nzima, kwa malipo ya shilingi chache kwa kila ukurasa.

Kwa hiyo ombi langu kwa bodi za shule zetu na kwa Tume ya Kuwaajiri Walimu ni dogo, nalo haliwezi kukataliwa kwa hoja ya fedha. Mwalimu wa nasaha apunguziwe vipindi, kwa maandishi na katika ratiba, kwani muda usioandikwa kwenye ratiba ya shule huliwa na mwenye nguvu. Atolewe katika kamati ya nidhamu, asiitwe humo hata kama shahidi. Mtoto aruhusiwe kusema naye kwa lugha yoyote anayoiweza. Apewe wasaidizi kutoka kwa wale vijana na wale nyanya, baada ya kuwachunguza kwa makini, kwa maana si kila anayependa kukaa na watoto anawatakia heri. Na ufunguo wa chumba, kama kipo chumba, ukae naye. Mtunza ghala atafutiwe ghala.

Kabla sijaondoka siku ile nilimwuliza mama yule, tukiwa tumesimama chini ya ukingo wa paa, wanafunzi hukutana naye wapi basi, maadamu chumba ni cha maharagwe. Alinionyesha darasa la pembeni la mabati lisilo na dari. Akanieleza kwamba hawaji ovyo. Huja mvua inaponyesha, hasa ile mvua kubwa ya alasiri inayoshuka kutoka Elgon, kwa kuwa wakati huo bati hupiga kelele hata aliyesimama mlangoni hawezi kusikia lisemwalo ndani, na hakuna anayepita uani kumwona nani ameingia. Ikianza kupiga, yeye huacha shughuli zake akaenda kukaa humo, na kabla haijakatika aghalabu hupata mmoja au wawili. Nikamwuliza, na kiangazi? Akatazama uwanja, ambao ulikuwa mkavu na mweupe kwa vumbi, na wanafunzi wapya wa muhula wa kwanza, wenye sweta ambazo bado hazijafuliwa hata mara moja, walikuwa wakipita vikundi vikundi kuelekea bwalo. Kiangazi, alisema, hunyamaza; mvua huku haiji mpaka mwishoni mwa Machi.